Kutosha kutu na rangi ya zamani kwenye pyesi za gari: tumika na maji, na mbali na mihogo inayokauka



Tangu mvua ilikatika, kila pahali tunapopita katika bonde la Ruzizi tunakuta watu wanafungua vyuma. Ni wakati wake. Kati ya mwezi wa sita na wa nane njo tunatengeneza gari, trisikle, remorke na mashini za kusaga, mbele mvua irudie mwezi wa tisa na mbegu zianze kuomba usafiri. Na kwa sababu pyesi mupya iko bei kali, wengi wananunua ya zamani kwenye feraye: janti, puli, gardabu, mlango wa pick-up, kipande cha shasi. Pyesi inafika nyumbani na rangi inayobambuka na kutu chini yake, na mwenye kuinunua anaanza kuisugua palepale kwenye kiwanja.

Mimi ni agronomu, si mekanisye. Lakini kile kiwanja njo pahali pa kuanika mihogo, njo pahali kuku wanachokora, na njo pahali watoto wanacheza. Fundi anaangalia pyesi. Mimi naangalia vumbi inaenda kuangukia wapi. Juu ya hiyo naandika, na njia ninazoeleza hapa zinawezekana kijijini, na vitu vinavyopatikana sokoni.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanachanganya. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Inakula pyesi, inavimba na kukamata bulo, inainua rangi kutoka chini, lakini yenyewe haiko sumu kali kwa mutu. (Wengi wanasema kutu njo inaleta tetanosi. Hapana. Tetanosi inaletwa na kijidudu kinachokaa katika udongo na mavi ya wanyama, kinaingia kwa kidonda kirefu. Musumari mupya wenye udongo unaweza kuileta sawa na wenye kutu.) Mwenye hatari ya kweli ni rangi.

Ndani ya rangi ya zamani

Kwa miaka mingi viwanda vilitia risasi katika rangi ya vyuma. Ni ile risasi ya batri, kwa Kifaransa plo. Ile rangi nyekundu ya machungwa inayopakwa chini kabisa ili kuzuia kutu, mafundi wa zamani wanaiita minyomu, ni risasi yenyewe iliyoungana na hewa. Rangi nyingi za manjano na za machungwa kwenye mashini, matrakta na malori zilikuwa nayo pia. Kwa macho hauwezi kujua kama rangi fulani iko na risasi ao haina, na hapa kijijini hatuna chombo cha kupima. Kwa hiyo tunafanya kama vile rangi yote ya zamani iko nayo.

Rangi ikiwa imeshikamana na chuma, haifanyi kitu. Shida inaanza unapoisugua ikiwa kavu. Inakuwa unga mwembamba, unaingia katika pumzi, unakaa kwenye mikono na nguo, unashuka chini. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kipimo cha risasi katika mwili kinachojulikana kuwa hakina hatari. Mutoto anayemeza risasi, mwili wake unaishika mara 4 mpaka 5 kuliko mwili wa mutu mukubwa aliyemeza kiasi kile kile. Inaharibu ubongo wake: anachelewa kujifunza, anakosa kutulia, na ile haitengenezeki tena. Kwa mama mwenye mimba inavuka na kufika kwa mutoto tumboni. Fundi mwenyewe anaweza kupata maumivu ya tumbo, kupungukiwa damu, kuchoka, na kila mara atafikiri ni malaria.

Na sasa mambo ya shamba. Risasi haiozi. Majani yanaoza, kinyesi kinaoza, dawa nyingi za wadudu zinamalizika kisha wakati. Risasi iliyoanguka katika udongo inabaki pale, hata mjukuu wako ataikuta. Vumbi inakaa kwenye lengalenga na matembele ya nyuma ya nyumba. Mihogo iliyotoka kwenye maji, ikiwa bado na unyevu kwenye shitingi, inashika vumbi sawa vile inavyoshika muchanga, na hakuna mutu anayeosha mihogo iliyokauka mbele ya kuipeleka kwenye mashini. Inaenda moja kwa moja kwenye bugali. Kuku anadonoa vipande vya rangi na risasi inapita mpaka kwenye mayai. Ng'ombe njo mubaya zaidi: anapenda kulamba rangi ya zamani na batri zilizopasuka, na ni moja kati ya sumu zinazojulikana sana kwa waganga wa wanyama. Ndama anapofuka, anasaga meno, anagonga kichwa ukutani, watu wanatafuta mulozi. Watafute kwanza kipande cha batri.

Pahali, na vitu tatu vya kuacha

Chagua pahali mbali na nyumba, mbali na kisima, mbali na bustani na shitingi ya mihogo. Hatua makumi tano si nyingi. Angalia upepo: katika bonde, muchana wa jua kali, upepo unabadilika, kwa hiyo asubuhi njo wakati muzuri. Tandika chini shitingi ya zamani isiyokuwa na matundu, na iwe ya kazi hiyo tu. Nisikie kesho kwamba imerudi kuanikia mupunga, tutakosana.

Kuna njia tatu ambazo watu wanazipenda kwa sababu ni za mbio. Ya kwanza ni moto: unatupa janti ndani ya moto wa kuni, rangi inaungua. Risasi inapanda na moshi, na wewe uko karibu unachochea. Tena moto unaondoa ugumu wa vyuma vilivyokaushwa kiwandani, kama risori na bulo za nguvu. Pyesi inatoka safi na inakunjika mwezi wa pili. Ya pili ni mashini ya umeme yenye brosi ya waya, kwenye rangi kavu. Hiyo njo inatengeneza vumbi nyingi kupita yote. Ya tatu ni esansi: watu wanasugulia pyesi ndani ya besani ya esansi, na mbabula ya chai iko mita mbili kutoka pale. Mvuke wa esansi hauonekani, unatambaa chini mpaka unakuta makala. Kwa kuosha mafuta na grisi, mazutu kidogo na brosi inatosha, kiisha sabuni na maji ya moto.

Rangi inatoka na maji

Kama rangi imekwisha kubambuka, hauhitaji dawa. Lowanisha pyesi, kwangua na kipande cha chuma chenye makali ao kisu cha zamani, lowanisha tena, sugua na brosi ya chuma ao na karatasi ya kusugulia ya aina inayovumilia maji. Siri ni kuacha pyesi isikauke hata dakika moja wakati wa kusugua. Rangi inakuwa matope, na matope haiendi na upepo. Vaa kashne hata hivyo, vaa nguo ya mikono mirefu, na hiyo nguo ifuliwe peke yake, isichanganywe na za watoto. Nawa mikono na uso mbele ya kula ao kuvuta tumbako.

Kwa rangi iliyoshika sana, dawa tunayo karibu: soda kostike, ile wamama wa sabuni wanapika na mawese. Pima litri 10 za maji ya baridi katika ndoo ya plastiki ngumu ao ya chuma, kiisha mimina soda polepole, gramu 500, ukikoroga na kijiti kirefu. Soda iingie kwenye maji, hapana maji kumiminwa juu ya soda. Ukigeuza, inachemka mbio na kukurukia usoni. Maji yatapata moto yenyewe, hiyo ni kawaida. Funga pyesi na waya, izamishe, iache usiku muzima. Asubuhi rangi ya zamani ya mafuta itakuwa laini kama uji, unaikwangua ikiwa bado na maji. Rangi za kisasa za kiwanda, zile ngumu kama kioo, haziogopi soda sana. Hapo unarudilia kukwangua.

Soda haikubaliane na aliminyumu. Usiweke ndani yake karbiratere, kifuniko cha moteri, janti ya aliminyumu, wala bati lenye zinki. Inayala mpaka kumaliza, na inatoa gazi inayoshika moto. Kama haujui ni chuma gani, tumia sumaku: ikishika, ni chuma ao bati, isiposhika, acha.

Kwa wewe mwenyewe: ga za mpira ndefu, miwani, viatu vya kufunga. Soda ikikugusa, maji mengi, dakika 20, na hapana kupaka ndimu wala mafuta. Ikiingia jichoni, maji yale yale na muda ule ule, kiisha kwenda hospitali bila kungoja kesho. Na kuna jambo ambalo wamama wa sabuni wanajua vizuri kuliko sisi wanaume: soda iliyobaki haiwekwi katika chupa ya jus. Mutoto anafikiri ni maji. Akikunywa, usimutapishe, kwa sababu inamuunguza mara ya pili ikipanda. Suuza kinywa, umukimbize hospitali.

Ule uchafu, matope ya rangi na maji ya soda, hauendi mutoni, hauendi katika mufereji wa mupunga, hauendi katika shimo la mboleo. Tumia maji yale yale ya soda kwa pyesi nyingi, kiisha yaache yatulie ndani ya bido iliyofungwa. Matope yanayobaki chini, changanya na simenti kidogo na muchanga ndani ya mukebe wa zamani, yakauke kuwa jiwe, na hilo jiwe likae depo, lisijengewe kitu. Hapa njo koperative iko na maana: mukebe mumoja wa watu wote, na mutu mumoja anayeuchunga, ni afazali kuliko kila nyumba kuwa na wake.

Kutu inatoka na subira

Rangi ikiisha kutoka, kutu inabaki, na hapa hakuna haraka. Bulo, mnyororo mudogo, kufuli, vitu vinavyoingia katika kopo, ndimu inatosha. Kamua, funika vyuma na maji yake, acha usiku mumoja, brosi kiisha. Vinegri inafanya sawasawa. Usisahau vyuma humo siku tatu, kwa sababu asidi ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Na usiweke humo risori wala bulo za nguvu: asidi inaweza kuzifanya zivunjike ghafla zikiwa kwenye kazi. Maji ya batri, hapana kabisa. Inaunguza ngozi, na tena iko na risasi ndani.

Kwa pyesi kubwa, wenye kupata molase ya kiwanda cha sukari wanaweza kuitumia: sehemu 1 ya molase na sehemu 9 za maji, pyesi izame kabisa, juma moja mpaka mawili. Inanuka, inatoa povu, na inatosha kutu vizuri. Kiisha hapo usimupatie ng'ombe ile molase; imekuwa ya vyuma sasa.

Lakini njia ninayoipenda ni ya pano ya jua, kwa sababu pano ziko nyingi vijijini na kazi inajifanya yenyewe wakati wewe uko shambani. Kata bido kwa urefu, tia maji litri 10 na vijiko 3 vya supu vya bikarbonati ya butike, ao soda ya kufulia kama unaipata. Maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yakichujwa vizuri, yanafaa pia, yanapitisha umeme. Ning'iniza pyesi katikati, isiguse chini wala pembeni. Pande mbili za pyesi simamisha vipande vya chuma cha kawaida, ferabeto ya zamani ni nzuri, na uvifunge pamoja na waya. Waya wa kupunguza (–) wa pano unaenda kwenye pyesi, pahali palipokwanguliwa mpaka chuma kiangae. Waya wa kuongeza (+) unaenda kwenye ferabeto. Ukigeuza, pyesi yako njo italiwa, kwa hiyo angalia mara mbili: vibubujiko vingi vinatoka kwenye pyesi.

Pano ya wati 50 ya volti 12 katika jua kali inatoa ampere karibu 3, na hiyo inatosha kwa janti ya pikipiki ao puli. Kisha saa sita ao nane kutu inakuwa nyeusi na laini, inatoka na brosi ya kawaida na maji. Umeme huu unapenda kuona uso kwa uso. Upande usiotazama ferabeto unabaki na kutu, basi geuza pyesi. Uzuri mwingine: njia hii haili chuma kizima, hata ukisahau. Batri ya gari inaweza kutumika pahali pa pano, lakini vyuma vikigusana batri inatoa moto mukali, pano haifanyi hivyo. Kwa hiyo mimi nashauri pano.

Ziko sheria ine. Fanya inje, kwa sababu vile vibubujiko ni gazi inayoshika moto, sigara mbali. Usitie chumvi ya jikoni, inatoa gazi ya sumu. Usitumie inox kwenye waya wa kuongeza, kijiko wala sufuria, inachafua maji na sumu ya kromu. Na risori na bulo za nguvu zibaki inje ya bido hii pia, kwa sababu ile ile ya asidi. Kama pyesi ilikuwa imebaki na rangi, maji yake yaende pamoja na maji ya soda.

Saa ya kwanza kiisha kusafisha

Chuma kilicho uchi na maji kinarudilia kutu ungali unatazama, hasa asubuhi yenye umande. Kama kilitoka kwenye asidi, kipitishe kwanza katika maji ya sabuni ao ya majivu, suuza na maji ya moto, pangusa, weka juani dakika chache, na paka palepale. Pyesi zinazozunguka ao kusuguana, mafuta mapya ao grisi. Pyesi za inje, rangi ya antiruye mikono miwili miembamba, kiisha rangi ya juu. Mukono mumoja munene unapasuka. Muulize muuzaji rangi isiyokuwa na risasi. Mafuta ya vidanje watu wanayapaka kwenye shasi, lakini yanadondoka barabarani na shambani, na yanashika muchanga. Mimi siyapendi.

Kuna pyesi ambazo hata zikingaa hazifai. Janti yenye ufa, kitu chochote cha direksyo kilicholiwa na kutu mpaka kuna mashimo, diski ya freni iliyokonda, shasi ambayo kisu kinaingia: hizo rudisha kwenye feraye. Na ngozi za freni za zamani usizipulizie wala kuzisugua zikiwa kavu, vumbi yake inaweza kuwa na amyanti, inayoharibu mapafu. Lowanisha, pangusa na kitambaa chenye maji, kitambaa kiende katika mukebe.

Rezervwari ya esansi ya pikipiki inaombwa sana, kwa sababu kutu ya ndani inaziba karbiratere. Mwaga esansi yote, osha na maji ya moto na sabuni mara tatu mpaka harufu iishe, mbali na moto. Tia vinegri na kiganja cha vikokoto visafi, funga, tikisa, acha usiku mumoja, tikisa tena. Mwaga, suuza na maji ya bikarbonati, hesabu vikokoto kama ulivyohesabu wakati wa kuvitia, kausha juani na kifuniko wazi, kiisha zungusha ndani mafuta kidogo ya moteri. Usiruhusu mutu aisude, hata kama ananusa na kusema haina kitu.

Kwa mashini ya kusaga, inje unaweza kufanya yote niliyosema: moteri, puli, miguu. Ndani, pahali unga unapita, hakuna rangi, hata mupya, hata ile muuzaji anasema ni safi. Nyundo na chekeche sugua na brosi ya chuma, osha, kausha. Pitisha sumaku kuokota nyuzi za brosi. Kiisha saga pumba kavu kilo 2 ao 3, angalia rangi yake juu ya kitambaa cheupe, na uitupe, hata kuku wasiipate. Ikitoka bado na wekundu ao unga mweusi, saga nyingine. Ikitoka sawa vile iliingia, muite wa kwanza kwenye foleni.